Sahani ya Saa Saba

Saa saba za mchana, milango ya ofisi za Shinyanga, Kahama na Geita hufunguka karibu kwa wakati mmoja. Karani wa halmashauri, mhasibu wa benki, mpima ardhi, mwalimu aliyekuja kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake, dereva wa mkurugenzi na mara nyingine mkurugenzi mwenyewe, wote huelekea upande mmoja. Huelekea kwenye vibanda vya mabati na turubai vilivyojipanga nyuma ya majengo, kando ya stendi, au chini ya kivuli cha mwarobaini. Huko masufuria yamekwisha kuwekwa mekoni tangu asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 katika siku ya kazi inayozidi saa tano. Ukitoa dakika za kwenda, za kurudi na za kungoja zamu, hubaki kama nusu saa ya kula. Basi mtumishi hawezi kwenda nyumbani, na hoteli kubwa ya mjini, hata kama angeimudu, iko mbali au hukawiza chakula.

Akiulizwa kwa nini anapendelea kibanda hiki na si kile, mtumishi hana upungufu wa sababu. Atasema huyu mama anajua kuunga maharage kwa nazi ingawa nazi imetoka pwani, mbali sana. Yule wali wake hautoki mawe. Wa tatu sato wake ni mzima, hakukatwa vipande vya kubahatisha. Wa nne, na hii aghalabu ndiyo sababu yenye nguvu, ana daftari: huandika jina la mlaji na deni lake, akalipwa mshahara ukitoka. Kuna wanaobishana kwa wiki nzima juu ya nani hupika mlenda bora. Mabishano hayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa ni namna ya kupima, nayo hufanywa kila siku na watu wenye ndimi zilizozoea. Kasoro yake ni kwamba ulimi hupima chumvi na kuiva, haupimi vijidudu wala hewa yenye sumu.

Hata hivyo, kibanda cha watumishi kina ulinzi ambao kibanda cha stendi ya mabasi hakina. Mama anayemwuzia msafiri chakula saa sita hatamwona tena. Msafiri akiumwa tumbo, ataumwa akiwa Nzega au Singida, wala hatajua alipolipatia. Lakini anayewapikia makarani 30 wa jengo moja huwapikia haohao Jumatatu hadi Ijumaa. Wakiugua watatu Jumanne, habari itakuwa imeenea ofisi zote kufikia Jumatano, na daftari la madeni litabaki bila wa kulilipa. Mpishi wa namna hii ana sababu ya kuwa mwangalifu kuliko amri yoyote ya afisa. Jambo hili latakiwa kukumbukwa kila inapotolewa hoja kwamba vibanda hivi ni uchafu tu, na kwamba dawa yake ni kuviondoa.

Hoja hiyo ni ya zamani. Kanda hii ilijua ulaji wa kazini mapema. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa 1940. Penye mgodi hukusanyika wanaume wasio na wake zao karibu, na penye wanaume hao huja mwanamke mwenye sufuria. Jina la mama ntilie, ambalo adabu ya ofisini imeligeuza kuwa mama lishe, lilitokana na mlaji kumwambia mpishi, “Mama, nitilie.” Mwaka 1983 kampeni ya Nguvukazi iliwahesabu wengi wa akina mama hao pamoja na wazururaji mijini, ilhali walikuwa wakiwalisha watumishi walewale waliotumwa kuwakamata. Baadaye mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa 2000, wa Bulyanhulu ukafuata 2001, na Machi 2012 Geita ikawa mkoa kamili. Kila mkoa mpya huleta ofisi, na kila ofisi huleta matumbo. Ramani za ofisi hizo zilionyesha maegesho ya magari na nyumba ya mlinzi. Ni nadra kuona ramani iliyoonyesha watumishi watakula wapi.

Kila kipindupindu kinapozuka, amri ya kwanza huwa ni kupiga marufuku uuzaji wa chakula mitaani. Ugonjwa huo uliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza 1974, ukaenea sana 1977 na 1978, ukarudi kwa nguvu Agosti 2015, na mwanzoni mwa 2024 ulikuwa katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo. Marufuku ina mantiki yake, maana hupunguza mikusanyiko ya walaji mahali pasipo na maji safi. Lakini humfunza mwananchi jambo lisilo kweli, kwamba ugonjwa umo katika chakula cha mama ntilie. Mnamo 1854 daktari John Snow alichora ramani ya vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaona vimezunguka pampu ya maji ya Broad Street. Hakuwaondoa wachuuzi wa mtaa huo. Aliomba mpini wa pampu uondolewe.

Mantiki ya Snow ikihamishwa kwenye kibanda cha Shinyanga, jicho halitatua kwenye sufuria. Ugali uliosongwa sasa hivi na maharage yanayotokota havina kijidudu cha kipindupindu kilicho hai, kwa kuwa kijidudu hicho hakistahimili joto la kuchemka. Jicho litatua kwenye karai la kuoshea sahani. Tuseme karai lina lita kumi za maji, na kila sahani huacha ndani yake mililita tano za mabaki na mate. Ikifika sahani ya sitini, karai lina mililita 300 za mabaki, yaani sehemu tatu katika kila mia. Kila sahani inayotoka humo huondoka na utando wa maji hayohayo na kwenda kwa mlaji wa sitini na moja. Kumwaga vidonge vya klorini ndani ya karai la namna hiyo hakusaidii sana, kwani klorini huanza kupambana na mafuta na chembe za ugali, ikamalizika kabla ya kuwafikia vijidudu.

Yanayosaidia ni mambo ya kawaida kabisa. Makarai yawe matatu, la kwanza lenye sabuni, la pili la kusuuzia, la tatu lenye maji ya moto, na maji yabadilishwe kabla hayajawa mchuzi. Baada ya hapo sahani zikauke zenyewe juani juu ya kichanja, zisifutwe kwa kitambaa kilichofuta meza tangu asubuhi. Kijidudu cha kipindupindu hufa upesi kikikauka, na jua la Shinyanga si haba. Mlaji naye anawe kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki, si kwa kuchovya mkono katika bakuli lililozunguka meza nzima.

Hayo yote yahitaji maji mengi, na hapo ndipo lawama inapohama kutoka kwa mpishi. Tangu 2009 maji ya Ziwa Viktoria huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafirishwa hadi Kahama na Shinyanga, na baadaye hata Nzega, Igunga na Tabora. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na nchi ina haki ya kujivunia. Maji yamevuka mbuga na vilima kwa mamia ya kilomita. Yamefika ndani ya jengo la ofisi. Lakini kutoka ukuta wa nyuma wa jengo hilo hadi kibandani, mwendo wa hatua 20, mama huyabeba kichwani kwa ndoo, akiyanunua kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba. Mtu anayenunua maji kwa ndoo hatayabadilisha mara sita kwa mchana mmoja. Hilo si suala la tabia yake wala la elimu yake.

Baada ya maji huja muda. Bakteria wengi waletao maradhi ya tumbo huzaliana upesi katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Sentigredi. Juu ya 60 wengi hushindwa kuzaliana. Wali ulioiva saa tano na kuwekwa kando ya jiko lililozimwa ili kuokoa mkaa huanza kushuka, na mlaji wa saa nane huukuta katika vuguvugu linalowapendeza vijidudu. Wamo katika mchele bakteria ambao hujifunika ganda gumu na kuvumilia maji yanayochemka. Wali ukipoa polepole huamka na kutoa sumu, ambayo hata kuupasha kiporo kesho yake hakuiondoi. Watumishi husifu kibanda chenye foleni, nao wana haki bila kujua sababu: penye foleni sufuria halikai.

Sasa moto. Tuseme sufuria lina lita 20 za maji ya ugali au maharage. Shinyanga iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka huko karibu na nyuzi 96, si 100, na hiyo ni sababu mojawapo ya maharage kuchelewa kuiva kuliko Tanga. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 25 hadi 96 kwahitaji karibu kilojuli 6,000. Kilo moja ya mkaa ina kama kilojuli 30,000. Kwa hesabu ya darasani, basi, gramu 200 za mkaa zingetosha. Lakini jiko la kawaida la bati huingiza sufuriani kama sehemu moja tu katika tano za joto lake. Zilizobaki hupasha kuta, hewa na miguu ya mpishi. Hivyo kilo nzima ya mkaa hutumika kabla maji hayajatokota. Na kilo hiyo ilipatikana kwa kuchoma kilo saba hadi kumi za kuni katika tanuri la udongo. Ni mti mkubwa kiasi gani umesimama nyuma ya sahani 40 za wali na maharage, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuukadiria mwenyewe.

Swali hili lina uzito wa pekee Shinyanga. Misitu ya mkoa huo ilifyekwa kwa sababu nyingi, miongoni mwao vita dhidi ya mbung'o wakati wa ukoloni, mashamba ya pamba, mifugo na kuni, hata sehemu zake zikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kwa ufupi huitwa HASHI. Ubora wake ulikuwa kwamba haukuja na mti wa kigeni peke yake, bali uliirejea desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ingekuwa ajabu kwa mkoa uliorudisha miti yake kwa jasho hilo kuiteketeza polepole chini ya masufuria ya watumishi wake, wakiwamo maafisa misitu.

Anayeupokea moto huo kwa karibu ni mpishi. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni mbichi, na kwa ajili hiyo hudhaniwa kuwa salama. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mpishi anayefunga turubai pande tatu ili upepo wa kiangazi usimpulizie vumbi chakulani hujifungia na hewa hiyo. Kichwa kinachomgonga kila alasiri huitwa uchovu. Mlaji hukaa humo nusu saa. Yeye hukaa saa nane, pengine na mtoto mgongoni.

Serikali imeliona tatizo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mei mwaka huohuo ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini hesabu ya watu 100 iliwekwa kwa kufikiria shule, magereza na hospitali. Mama ntilie mmoja hulisha 40, kwa hiyo hayumo. Ila vibanda 10 vya safu moja nyuma ya ofisi moja hulisha 400, yaani zaidi ya bweni la shule nyingi. Safu hiyo ingehesabiwa kuwa jiko moja, kama inavyostahili, ingeingia katika mpango, ikapata mtungi mkubwa wa gesi unaogawanywa kwa bomba, au umeme wenye mita ya pamoja. Mpishi mmojammoja hawezi kununua mtungi mkubwa kwa mara moja. Mkaa huuzwa kwa kopo, na mtaji wake ni wa kopo. Wanaomshangaa kwamba haoni faida ya gesi hawajawahi kununua kitu kwa kopo.

Wakati hayo yakingojwa, ipo njia isiyohitaji mtungi. Chungu kikishachemka, kazi ya moto huwa ni kufidia tu joto linalopotea. Likizuiwa kupotea, moto hauhitajiki. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakachemshwa kwa nguvu walau robo saa, kisha sufuria lenye kifuniko likatiwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu, pumba za mpunga au matambara mazito, huendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa. Ile robo saa ya kutokota kwa nguvu isipunguzwe. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na kuchemka hasa, wala haiharibiwi na joto la vuguvugu. Pumba za mpunga Kahama zimejaa mashineni, hutupwa.

Yaliyosemwa kuhusu maji, muda na moto ni ya mji wowote. Geita ina jambo lake la ziada, na si Geita mjini tu bali Nyarugusu, Rwamagasa na kila penye wachimbaji wadogo. Wachimbaji hao hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, lakini mvuke wake huanza kuruka kabla ya hapo, nao haunuki wala hauonekani. Hata dhahabu inayofika dukani mjini bado ina asilimia chache za zebaki, ambazo hutoka inapoyeyushwa upya mbele ya mnunuzi. Mvuke ukivutwa huingia mapafuni, kutoka hapo kwenye damu, kisha kwenye ubongo na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huzidi, na aghalabu watu husema amerogwa au amezidisha gongo.

Mlaji wa Geita akisikia neno zebaki huogopa samaki. Hofu hiyo ina asili yake: huko Minamata, Japani, mwaka 1956 ndipo ilipotambuliwa maradhi ya watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwanda, na mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, ulioanza kufanya kazi 2017 na kuridhiwa na Tanzania 2020, una jina la mji huo. Lakini vipimo vya samaki wa maji mapana ya Ziwa Viktoria kwa jumla vimeonyesha zebaki kidogo, chini ya kiwango cha hatari. Tahadhari zaidi yafaa kwa kambare wa vijito vinavyopokea matope ya uchenjuaji. Hatari iliyo karibu na sahani ni hewa. Kibanda cha chakula kilichopakana na chumba cha kuyeyushia dhahabu hupokea mvuke ule siku nzima, nao ukipoa hutua mezani, vyomboni na chini. Baya kuliko yote ni desturi ya kuchomea dhahabu kwenye jiko la kupikia au kikaango cha nyumbani kisha kukirudisha jikoni kimesuguliwa. Kikaango hicho hakifai tena kwa chakula, hata kikisuguliwa mpaka king'ae. Kipo chombo rahisi cha chuma chenye mfuniko na mrija, kinachoupoza mvuke na kuirudisha zebaki kwa mwenyewe. Mchimbaji huokoa mali yake na mpishi huokoa mapafu yake. Halmashauri inayotoa leseni ya biashara inaweza kuandika sharti moja jepesi, kwamba chumba cha kuyeyushia dhahabu na mahali pa chakula visiwe jirani. Sharti hilo halihitaji maabara.

Juu ya kilichomo sahanini penyewe, yatosha kusema machache. Wali na ugali wa sembe vimeshika nafasi ya mtama na uwele, ambavyo huhimili ukame wa Shinyanga na vina madini ya chuma kuliko sembe iliyokobolewa. Dona ni bora kuliko sembe iwapo mahindi yalikaushwa vizuri. Yakiwa na ukungu, dona hubeba sumu nyingi zaidi kwa sababu haikukobolewa kitu. Chai ya rangi inayofuata mara baada ya mlo huzuia sehemu ya chuma kuingia mwilini, na kijana wa kike anayefanya kazi ofisini angefanya vyema kuiahirisha kwa saa moja, akaweka chungwa mahali pake. Michembe na matobolwa, ambayo bibi wa mtumishi huyo aliyahifadhi ghalani kwa ajili ya miaka ya njaa, hayapatikani vibandani kabisa. Inasemekana ni chakula cha shamba. Mahali pengine duniani viazi vilivyokaushwa huuzwa katika pakiti zenye rangi.

Jambo lililo gumu kueleweka katika habari hii yote si la kisayansi. Kwenye benchi moja la kibanda, saa saba na robo, huweza kukaa bwana afya, mhandisi wa maji, afisa mipango miji na mweka hazina, kila mmoja na sahani yake. Wanne hao wana uwezo wa kuleta bomba la hatua 20, sakafu ya saruji, mfereji wa maji machafu na paa lenye dohani. Ushuru wanaoutoza vibanda hivyo kila siku, ukihesabiwa kwa mwaka, ungelipa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Badala yake hula, hulipa au huandikwa daftarini, hurudi ofisini, na baadaye mmoja wao husaini barua ya kuviondoa vibanda ndani ya siku 14 kwa kuwa mgeni anatarajiwa. Mgeni akiisha kuondoka, vibanda hurudi, kwa sababu njaa ya saa saba haikuondolewa kwa barua. Hurudi vikiwa dhaifu kuliko awali: hakuna anayejenga kichanja imara mahali anapofukuzwa kila mwaka.

Shule za sekondari za mikoa hii zaweza kuanza kabla ya benchi hilo kuamka. Kazi yenyewe ni ndogo. Mwalimu wa fizikia au biolojia na wanafunzi wanne, kwa idhini ya mama mwenyewe na bila kumwongezea adha, wachukue kipimajoto cha kielektroni chenye ncha ya chuma, kile cha kioo kisiingie chakulani. Wapime joto la wali na la maharage kila nusu saa tangu saa tano hadi saa tisa. Wapime mkaa kwa mizani asubuhi na jioni. Wahesabu sahani zilizopita katika karai kabla maji hayajamwagwa, na mwendo wa kutoka karai hilo hadi bomba lililo karibu. Siku ya tatu watie sufuria moja la maharage kikapuni, walinganishe mkaa uliosalia. Matokeo yaandikwe kwa jedwali kwenye karatasi mbili, moja ibaki kwa mama, ya pili ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wakati mwafaka wa kuipeleka ni saa sita na nusu, kabla hajatoka kwenda kula.